Siku Sita Kwenye Njia ya Barafu

Tuliondoka St. John's, mji wa bandari mashariki ya Kanada, saa 11 alfajiri, mwezi wa Mei, meli ikipenya ule mlango mwembamba wa bandari chini ya kilima cha Signal Hill. Chai haijapoa, rasi ya Cape Spear ikabaki nyuma. Mbele yetu hapakuwa na nchi tena mpaka Ulaya.

Mimi ni fundi wa vipimo vya bahari. Safari hii nilitumwa kuopoa kipima mkondo kilicholala chini tangu Novemba, kuweka boya la mawimbi, na kufuatilia majabali ya barafu yanayoteremka kuelekea visima vya mafuta vya Grand Banks, eneo la bahari ya kina kifupi mashariki ya kisiwa cha Newfoundland. Majabali hayo humeguka Greenland, yakazunguka kaskazini miaka miwili au mitatu, kisha mkondo wa Labrador huyaleta huku, hasa kati ya Machi na Julai.

Mchana ukungu ukatumeza. Tulipofika mahali pa kipima mkondo hatukuona hata omo ya meli yetu. Chombo hicho hakina kamba inayofika juu, maana meli za uvuvi au barafu zingeikata. Kimeshikwa na uzito sakafuni, na kati yao pana kitanzi kinachofunguka kwa mlio maalumu. Nikateremsha kipaza sauti majini, nikatuma mlio. Kimya. Nikarudia. Kimya. Miezi 6 ya vipimo ilikuwa chini ya miguu yangu, na mikono ilikuwa ikinitetemeka, si kwa baridi peke yake. Mara ya tatu kikajibu. Dakika chache baadaye sarahangi, mzee wa Newfoundland aliyekulia kwenye boti za kuvua chewa, akanyoosha kidole upande wa tezi: boya la njano la kipima mkondo hilo, linaelea.

Lilipandishwa likiwa limeota manyoya ya kahawia, na kiti cha pweza kidogo kimegandia kando ya moja ya macho manne ya chombo. Macho hayo hutoa mlio, kisha husikiliza mwangwi unaorudishwa na chembe na vidudu vinavyochukuliwa na maji. Mlio ukirudi mwembamba kidogo, maji yanakuja. Ukirudi mzito, yanakwenda. Baba yangu, mvuvi wa Tanga, alinifunza kuujua mkondo kwa kutazama jinsi kamba ya nanga inavyolala. Chombo hiki hufanya kazi ileile, ila kwa kila tabaka la maji, kutoka juu hadi chini.

Tabaka ndilo jambo lenyewe. Siku ya tatu ukungu ulipopasuka tuliliona jabali, jeupe lenye mishipa ya buluu, refu kama jengo la ghorofa 10. Karibu sehemu 9 katika 10 za uzito wake zilikuwa majini. Sonari, chombo kinachopima kwa mwangwi wa sauti majini, ilionyesha tumbo lake likishuka zaidi ya mita 70. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kusini, na maji ya juu yakiufuata. Jabali likawa linakwenda kusini, likiukata upepo uso kwa uso. Kipima mkondo kilichofungwa chini ya meli kikaeleza sababu: kuanzia mita 30 kwenda chini, maji yote yalikuwa yakishuka kusini.

Jukwaa la mafuta la Hibernia, umbali wa kilomita 315 kutoka St. John's, limesimama chini kwa zege, na ukuta wake wenye meno 16 ulijengwa kustahimili jabali la tani milioni 1. Meli za kuzalisha mafuta zilizo jirani haziwezi hivyo. Zenyewe hufungua mabomba zikaondoka. Kwenye mashamba yao ya mafuta hata vichwa vya visima vimezamishwa ndani ya mashimo makubwa sakafuni, ili tumbo la barafu likikwaruza lipite juu.

Ndiyo maana meli nyingine ilikuja kulivuta jabali letu. Ililizungushia kamba nene inayoelea, ikavuta polepole sana, kwani ukilivuta kwa pupa litapinduka. Halisimamishwi. Hupindishwa njia nyuzi chache tu, na mtu hawezi kujua nyuzi zipi bila kuujua mkondo.

Boya la mawimbi tuliliweka siku ya nne, mawimbi yakiwa mita 4. Tarakimu hiyo ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa. Wimbi mojamoja laweza kufika karibu mara mbili yake. Maji hayahaya ndiyo yaliyozamisha mtambo wa kuchimba mafuta wa Ocean Ranger, tarehe 15 Februari 1982. Wimbi lilivunja dirisha la chumba cha kuongozea mizani ya mtambo, maji yakaingia kwenye swichi. Watu wote 84 walikufa. Sarahangi aliniambia majina mawili ya watu aliowajua, tukakaa kimya mpaka boya likatoa ishara yake ya kwanza.

Usiku wa mwisho nilikuwa zamu. Jabali lilikuwa limeshapita mbali na visima, likitoa mlio kama wa mafuta yanayokaanga: hewa iliyofungwa ndani yake maelfu ya miaka ikitoka kidogokidogo. Mara nikaona kipande kilichomeguka, hakizidi mita 1 juu ya maji, kikizama na kuibuka kati ya mawimbi. Rada haikukionyesha kabisa. Nikaandika saa, nafasi na mwendo wake, nikaita jukwaa kwa redio, nikarudia tarakimu mara mbili mpaka aliyepokea akazisoma zote sawasawa.