Siku Tuliposhusha Ufunguo

Alifika studio asubuhi na mapema, kabla sijamaliza kuwasha mitambo, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Fainali ya mashindano ya kuimba ya televisheni aliyoshiriki ilikuwa imepita miezi mingi, lakini njiani watu walikuwa bado wanamsimamisha. Wengi walimsalimia kwa nafasi aliyoshika: "Wewe si yule namba mbili?" Jina lilikuwa limeshawatoka. Wimbo wake hakuna aliyeujua, kwa sababu hakuwa nao.

Mimi nilimjua kabla ya televisheni. Alikuwa akija kuitikia kwenye nyimbo za wenzake, na kila mara tulimpa sauti ya juu kabisa maana hakuna mwingine aliyeifikia. Kwenye mashindano nako wakamtumia vivyo hivyo. Wiki baada ya wiki alipewa wimbo wa mtu mwingine, umekatwakatwa ubaki dakika moja na nusu hivi: ubeti mmoja, kiitikio, bendi inapandisha ufunguo, yaani wimbo mzima unahamia sauti za juu zaidi, anapaza, ukumbi unasimama. Alikuwa hodari, tena hodari kwelikweli. Nilimpigia kura na ningempigia tena leo.

Kilichomkwamisha ni karatasi. Kabla vipindi vya moja kwa moja havijaanza, washiriki walisaini mkataba uliowapa waandaaji haki ya kuamua, baada ya fainali, nani wamchukue na nani wamwachie. Mpaka hapo waamue, mshiriki haruhusiwi kuachia wimbo wala kusaini na mwingine. Vipengele vya namna hii vipo katika mashindano mengi ya aina hiyo, na kwa upande wa kampuni vina mantiki: wametumia fedha kumtangaza mtu, hawataki mwingine aje kuvuna. Lakini kwa msanii, miezi ile ya mwanzo haina mbadala. Ndiyo miezi ambayo mtangazaji wa redio anapokea simu yako bila kuuliza wewe ni nani. Yeye aliitumia kusubiri. Barua ya kumwachia ilipofika, tangazo la msimu mpya lilikuwa limeshaanza kuonyeshwa, na nyuso zilikuwa nyingine.

Kwa hiyo alikuja na haraka. Hata kiti alikikataa.

"Kaka, nataka wimbo mkubwa," alisema. "Kelly Clarkson hawakumkawiza. Ameshinda tu, wimbo upo hewani."

Hilo lilikuwa kweli. Clarkson alishinda American Idol, mashindano ya kuimba ya televisheni ya Marekani, mwezi wa tisa mwaka 2002, na haikuchukua muda wimbo wake wa ushindi ukaruka kutoka nafasi ya 52 hadi ya kwanza kwenye chati ya Billboard. Ningeweza kumjibu kwa mifano ambayo kila mtu humpa aliyekosa ushindi: Jennifer Hudson aliyetolewa akiwa wa saba mwaka 2004 na kufikia 2007 ameshika tuzo ya Oscar, au One Direction walioshika nafasi ya tatu kwenye X Factor ya Uingereza mwaka 2010 kisha wakazunguka dunia. Alikuwa ameshalishwa mifano hiyo mpaka imemkinai. Nikamwambia habari za Leona Lewis.

Leona alishinda X Factor mwishoni mwa 2006, na wimbo wa ushindi aliopewa ulikuwa uleule wa Clarkson, "A Moment Like This". Uliuza sana, ukaongoza chati ya Uingereza wakati wa Krismasi. Mtu angetegemea albamu ifuate papo hapo. Haikufuata. Waliokuwa wakimsimamia walikaa karibu mwaka mzima wakitafuta nyimbo zinazomkaa yeye, na "Bleeding Love" ikatoka vuli ya 2007. Ikakaa kileleni Uingereza wiki 7, na mwaka uliofuata ikashika namba moja hadi Marekani.

"Wewe umeshasubiri," nikamwambia. "Usije ukaumaliza mwaka wako kwa wimbo wa kukimbilia."

Alinisikiliza, ila sikumshawishi. Alikuwa amekuja na biti tayari, imetengenezwa na mtu mwingine, ngoma nzito na vinanda vimejaa kila pembe. Nikaipakia. Akavaa hedifoni, akasimama mbele ya maiki, nikabonyeza kurekodi.

Yaliyofuata nayaona mpaka leo. Mstari wa kwanza aliuanzia juu, kwa nguvu zote, na kwenye skrini yangu mchoro wa sauti ukatoka mnene tangu mwanzo, hauna bonde wala kilima. Kila mwisho wa mstari aliupamba kwa manjonjo. Ilipokaribia dakika moja na nusu akainua mkono wa kushoto, akageuza uso kwenye kona ya chumba ambako hakukuwa na kitu, akapaza noti ndefu, safi, isiyotikisika. Kisha akanyamaza. Biti ikaendelea. Ubeti wa pili ukaingia, yeye amesimama tu, ananitazama kupitia kioo.

Kwenye ile kona angekuwa amesimama mpiga kamera.

Hakuwa amesahau maneno. Karatasi ilikuwa mbele yake. Mwili wake ndio uliokuwa umezoea kwamba wimbo huishia hapo. Aliketi, akavua hedifoni, akasema polepole, "Kaka, sijui sasa niende wapi." Niliumia. Watu wamemfunza mtoto wa watu kupanda tu, kwa miezi, mbele ya mamilioni, halafu wanamwacha peke yake na dakika mbili zilizobaki.

Nikazima biti. Nikamuuliza kama ana chochote alichoandika mwenyewe. Akasitasita, akatoa daftari kwenye mkoba. Kulikuwa na wimbo aliouandika kipindi kile cha kusubiri, kuhusu mtu anayelala na simu chini ya mto, anayeamka kila inapotetemeka, na kila mara ni ujumbe wa matangazo. Mistari ilikuwa mifupi na mizuri. "Lakini hauna pa kupaza," alisema, kana kwamba anaomba radhi.

Nilichukua gitaa nikaingia upande wake wa kioo. Tukaanza kwenye F, ufunguo aliouzoea. Akaimba vizuri, lakini lile daftari halikusikika. Nikashuka hadi E. Nikashuka tena. Kila tulipopunguza nusutoni, ile hatua ndogo kabisa ya kushuka, alikunja uso, maana alikuwa amefundishwa kwamba chini ni kwa wasioweza. Tulipofika C aliacha kuimba, akacheka, akasema, "Hii ni sauti ninayoongelea nyumbani."

Na kweli ndiyo ilikuwa hiyo. Ilikuwa na ukwaruzo kidogo, pumzi inasikika kabla ya neno, na kwenye irabu za mwisho ilibaki nzito pasipo pambo lolote. Miaka yote ile nilimrekodi na sikuwahi kuisikia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpa wimbo wa kufika huko. Nikasogeza maiki karibu, nikaondoa mwangwi wote masikioni mwake ajisikie alivyo, tukarekodi sauti na gitaa kwa pamoja. Ubeti wa pili aliuingia bila kunitazama. Kiitikio cha mwisho ndicho pekee alichokipandisha, na alipokipandisha, mkono wake haukuinuka.

Jioni tulikaa kwenye makaratasi. Hapa mimi huwa mkali, nimeshaona wengi wakiliwa. Kuimba nyimbo za watu kwenye televisheni humletea mirabaha ya utunzi aliyeziandika, wala si aliyezipaza, na msanii anayetoka kwenye mashindano bila kutunga chochote hubaki akitegemea mialiko. Nikatoa fomu ya mgawo: maneno yake yote, muziki tukagawana, kazi yangu ya kurekodi ikaandikwa kando kama malipo ya mara moja. Aliisoma kwa sauti, kipengele kwa kipengele. Alipofika kwenye muda wa mkataba akasimama, akauliza tarehe ya mwisho ni ipi na kwa nini haikuandikwa. Nikaiandika. Akaweka sahihi zake mbili, akaipiga picha karatasi yote, mbele na nyuma.

Wimbo ule haukuvunja chati. Ulipigwa redioni kwa kiasi, watangazaji wengine bado wakimtaja kwa nafasi yake ya fainali, lakini ulimpatia watu wanaolipa kiingilio kuja kusikia nyimbo zake, nao wanaujua ubeti wa pili kuliko wa kwanza. Siku ile yeye hakuwa na habari za hayo. Alikuwa mlangoni, kofia ameishika mkononi, ananiuliza lini arudi kuweka sauti za kuitikia. Nilitaka kuita waitikiaji. Akakataa, zote ataimba mwenyewe, na ataanza na ya chini.