Tumbo la kitambaa: misuli imekaa, bado neva

Mradi umefika kwenye misuli, sehemu niliyokuwa nikiingoja. Kwa wanaojiunga leo: nashona mfano wa tumbo la binadamu, mkubwa kiasi cha mtoto kutia mkono wote ndani, ili watoto wa mtaani kwetu Langoni, Lamu, walifunue tabaka kwa tabaka. Kitambaa ni mabaki ya tanga kutoka kwa fundi wa Matondoni. Lastiki nimenunua Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu.

Chati nyingi huchora tumbo kama mfuko mtupu, jambo linaloniudhi. Mfuko hujazwa tu, ilhali tumbo linakanda. Lina misuli laini ya pande tatu: ya ndani imekwenda mshazari, ya kati inazunguka, ya nje imefuata urefu. Utumbo mwembamba una mbili tu, ule mshazari haumo. Nimepanga lastiki vivyo hivyo. Ukivuta za mzunguko, tumbo linabanwa. Ukivuta za urefu, linafupika. Ukizivuta kwa zamu, maharagwe niliyotia ndani yanahangaika huku na huko. Kwenye mlango wa kutokea nimezidisha lastiki za mzunguko, kwa kuwa hata mwilini misuli hiyo hunenepa hapo ikawa vali, ikipitisha chakula kilicholainika kidogo kidogo.

Kabla ya kushona nilikwenda buchani kuomba tumbo la nne la mbuzi, maana mbuzi ana vyumba vinne na hicho ndicho kinachotoa asidi kama letu.

"Mwanangu, kwa supu chukua lile kubwa."

"Si la supu, ami. Nataka kulisoma."

Akacheka, akanifungia bure.

Nililipasua, nikalisuuza, nikabana utando wa ndani kwa vidole viwili. Ukateleza wote juu ya nyama, huku na huku, bila kung'oka. Kinachouruhusu ni tishu unganishi iliyolegea katikati: weupe wa nyuzinyuzi, na mishipa ya damu ikikatiza humo. Wengi huiruka wakitaja tumbo, nami naona bila hiyo mikunjo ya ndani isingeweza kukunjuka tumbo likijaa. Kwenye mfano nimeiweka kwa pamba iliyochambuliwa, na uzi mwekundu kuwa damu.

Utando wenyewe, yaani epithelia, ni satini ya waridi, ulikwisha zamani. Seli zake zimegawana kazi: kuna za ute, kuna za asidi hidrokloriki, na kuna za pepsinojeni, ambayo asidi huigeuza pepsini ya kuvunja protini. Zile za juu hubadilishwa kila baada ya siku chache.

Zimebaki neva. Mtandao wake mkuu umekaa kati ya misuli ya mzunguko na ya urefu, ndiyo maana tabaka la nje nimelishikiza kwa pini tu. Mawimbi ya tumbo, kama 3 kwa dakika, huanzishwa na seli maalumu zilizo hapo hapo. Neva huyatia nguvu au kuyapunguza. Kisha kuna neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo: harufu ya pilau peke yake yatosha kuifanya iamuru asidi ianze kutoka.

Uzi mnene wa manjano haupatikani huku, nimeagiza Malindi. Ukifika nautandaza, nafunga misuli ya nje, halafu navisha nailoni nyororo juu yake kuwa ule utando telezi unaozuia tumbo lisikwaruzane na jirani zake.