Titani kwenye gongo la hoki: hesabu kwanza, tangazo baadaye

Swali ni kama metali ya titani inafaa kutengenezea mpini wa gongo, na tunazungumzia hoki ya barafuni. Kwa hoki ya uwanjani mjadala umekwisha kabla ya kuanza, maana kanuni za FIH, shirikisho la kimataifa la hoki hiyo, haziruhusu gongo kuwa na metali ya aina yoyote.

Gongo la barafuni huuzwa kwa namba ya kupinda. Likiandikwa 85, maana yake mpini ukiegemezwa ncha zote mbili unahitaji ratili 85, yaani kilo 38 na nusu hivi, ili katikati pashuke inchi moja. Kinachoamua namba hiyo ni umbo la mpini na ukakamavu wa kilichotumika kuutengeneza. Nguvu ya metali haimo humo, na hapo ndipo wengi wanapopotea: wanasikia titani ina nguvu, wanadhani basi mpini utakuwa mwepesi.

Ukakamavu wa titani ni gigapaskali (kipimo cha ukakamavu) 110 hivi, wa alumini 70, wa chuma 200. Gawanya kila mmoja kwa uzito wa sentimita moja ya ujazo: gramu 4.5, 2.7 na 7.85. Jibu likiwa kubwa, unapata ukakamavu zaidi kwa uzito uleule. Zote tatu zinaangukia kati ya 24 na 26. Nyuzi za kaboni zilizolazwa upande mmoja ndani ya epoksi, gundi inayozishikamanisha, zinakaribia 85.

Sasa chukua mpini wa bomba la pembe nne, milimita 30 kwa 20, wenye urefu wa sentimita 130 kati ya egemeo na egemeo, na tuutake uwe wa 85. Ukiwa wa alumini, ukuta wa bomba unahitaji kama milimita 1.7. Ukiwa wa titani, milimita 1 inatosha. Pima uzito: yote miwili inatoka karibu gramu 545. Hujaokoa kitu, na bapa, sehemu ya chini ya kupigia, bado halijafungwa, wakati gongo zima la kaboni pamoja na bapa lake huwa na gramu 400 hivi. Ukitaka kupunguza uzito kwa kupanua bomba na kupunguza unene wa ukuta, glavu itakukatalia: mpini mnene haushikiki.

Faida ya kweli ya titani iko kwenye kurudi katika umbo lake baada ya kupindwa. Mpini huohuo ukiwa wa alumini ya 6061-T6, aina ya alumini iliyochanganywa na kukazwa kwa joto, unabaki na kibyongo ukipindishwa zaidi ya sentimita 5 na nusu hivi katikati. Ukiwa wa titani iliyochanganywa na alumini asilimia 3 na vanadi asilimia 2.5, aina inayotumika sana kwa mabomba, unafika karibu sentimita 10 kabla ya kuharibika. Mapigo ya kawaida hayafiki huko. Gongo lililobanwa kati ya ukuta wa uwanja na mwili wa mtu linaweza kufika. Kaboni haina habari ya kibyongo: ama inarudi, ama inakatika.

Lakini ukuta wa milimita 1 una gharama yake. Kipigo cha gongo la mpinzani au ukingo wa kiatu cha barafuni huacha kibonyeo. Kibonyeo kikiwa kwenye kona, upande unaobanwa wakati wa kupiga, mpini utajikunja hapohapo siku nyingine, hata kwa pigo dogo. Gongo la aina hiyo listaafishwe. Kulinyoosha hakurudishi umbo la kona.

Mahali ambapo titani inastahili bei yake ni vipande vidogo vinavyokaa pamoja na kaboni, kwa mfano kipande cha kuungia mpini na bapa. Alumini ikigusana na kaboni penye unyevu huliwa polepole, na barafu ikiyeyuka unyevu upo daima. Titani haina tatizo hilo. Halafu kuna joto. Epoksi ikiiva kwenye kalibu na kupoa kwa nyuzi 130 za selisiasi, alumini hunywea karibu milimita 3 kwa kila mita, titani milimita 1.1, na kaboni kwa urefu wa nyuzi zake karibu hainywei kabisa. Tofauti hiyo yote inabebwa na gundi.

Na gundi ndiyo inayoshindwa mara nyingi. Titani hujivika utando wa oksidi mara tu uso mpya unapokutana na hewa, na gundi iliyopakwa juu ya uso laini huachia. Safisha kwa asetoni, piga uso kwa chembe za oksidi ya alumini hadi mng'ao uishe, safisha tena, paka dawa ya silani, inayosaidia gundi kushika metali, kisha gundisha bila kuchelewa na bila kugusa kwa vidole. Sehemu iliyoachia ikatoka safi, bila epoksi iliyobaki kwenye metali, inakuambia kosa lilikuwa kwenye maandalizi. Gundi haina lawama hapo.

Kwa bomba la kuchomelea, angalia rangi ya mshono. Fedha au manjano hafifu ni sawa. Bluu iliyokoza au unga mweupe ni dalili kwamba gesi ya agoni, inayokinga mshono dhidi ya hewa, haikutosha, oksijeni imeingia, na mshono umekuwa wa kuvunjika.

Vipi kuhusu gongo lililoandikwa titani ubavuni? Sumaku haitakusaidia, maana hainasi titani, alumini wala kaboni. Mizani inasaidia zaidi: likiwa na gramu 400 pamoja na bapa, mpini si wa titani, labda nyuzi chache zimefumwa ndani au ni rangi tu. Na jina lisikudanganye: magongo ya chapa ya Titan aliyochezea Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafuni kutoka Kanada, miaka ya 1980 yalikuwa ya mbao.

Ukikata mpini wa titani, tumia msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, mwendo wa polepole na mkandamizo thabiti, kwa sababu joto halisambai. Linabaki kwenye meno na kuyaua. Kumbuka kukata sentimita 5 kunapandisha 85 hadi karibu 95. Kingo malizia kwa tupa. Mashine ya kusaga iache: vumbi la titani hushika moto, na likishika, maji huuzidisha. Weka mchanga mkavu karibu.