Gunia la makala lililokuwa halimalizi wiki tatu

Nyumbani kwetu Kadutu, mjini Bukavu, tuko watu saba, na gunia moja la makala, yaani makaa ya kupikia, lilikuwa halimalizi wiki tatu. Niliona ni jambo la kawaida, mpaka siku nilipomuuliza mama anayeniuzia ni wapi yanakotoka, naye akanyoosha mkono kuelekea milima ya Kahuzi bila kusema neno. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 kwa ajili ya gorila na msitu wao. Si kila gunia linatoka ndani ya hifadhi, lakini makala yanachomwa humo pia, na tangu siku ile nilishindwa kuwasha mbabula, jiko letu la makala, bila kuuona ule mkono.

Kwa wiki moja nilipima makala kwa kopo kabla ya kila pishi, nikagundua kwamba maharagi peke yake yalikula zaidi ya nusu. Sababu mojawapo ni mahali tunapoishi: Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo maharagi hukawia kuiva. Nami kila yalipokawia nilizidisha moto, kumbe maji yakishachemka, moto mkubwa hauyaongezei joto bali huyafanya yaishe upesi kwa mvuke.

Sasa nayaloweka tangu jioni, asubuhi nayamwaga yale maji na kuyabandika katika maji mapya, nayaacha yachemke kwa nguvu robo tatu ya saa sufuria ikiwa imefunikwa, kisha naiepua na kuitia moja kwa moja ndani ya kikapu kikubwa nilichokijaza majani makavu ya migomba, yaliyoshindiliwa kila upande yasiache nafasi ya upepo, na juu yake naweka blanketi kuukuu lililokunjwa mara nne. Baada ya saa nne hivi maharagi huwa yameiva bila kupasuka, na sufuria bado inachoma mkono. Siku ya kwanza yalitoka magumu, kwa kuwa nilifunua mara tatu kutazama, na kila nilipofunua joto lilitoka. Huko kuchemka kwa nguvu mwanzoni hakurukwi, kwa sababu maharagi, hasa mekundu, yana sumu ambayo joto la kikapu haliwezi kuiondoa. Yakikaa hadi kupoa, nayachemsha tena kabla ya kupakua.

Sombe siitii kikapuni. Majani ya mihogo yanahitaji kuchemka kwanza bila kifuniko ili sumu yake itoke na mvuke, na hapo sikubali kubana matumizi. Bugali na sambaza, wale samaki wadogo, ni vya dakika chache, vinabaki motoni kama zamani.

Mbabula ya bati nayo niliibadilisha kwa ile yenye udongo ndani, kwa maana udongo hushika joto na kulirudisha kwenye sufuria. Makala yanayobaki nayazima kwa kuyafunika ndani ya chungu chenye mfuniko. Hapo awali nilikuwa nayaacha yajiishie yenyewe, hasara tupu.

Gunia la mwisho lilitufikisha wiki ya sita. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni jambo ambalo sikulitarajia. Wakati wa mvua nilizoea kuingiza mbabula ndani ya nyumba ili maharagi yaendelee kuiva, na watoto walilala wakilalamika kwamba kichwa kinauma, nami nikidhani ni baridi. Ilikuwa hewa ya sumu ya makala, ambayo haina harufu na huweza kuua katika chumba kilichofungwa. Siku hizi mvua ikinyesha, kinachoingia ndani ni kikapu, na mbabula inabaki nje chini ya upenu.