Siku nzima na Hilux moja, Uyole

Saa 12:40 asubuhi
Julai hapa Uyole, Mbeya, mkono hauingii kwenye maji kwa hiari. Gari limelala ndani ya karakana tangu jana jioni, na hilo ni la makusudi. Pikapu inayolala nje mwezi huu huamka imelowa umande mpaka kwenye maungio ya milango, na maji hayo hayatoki yote kwa taulo. Leo ni Hilux ya dabo kebini, buluu iliyokolea, inayoshusha ndizi kutoka Rungwe na kurudi na mbolea. Kazi ya leo ni kuiosha, kuipiga polishi na kuipaka seramiki, koti la kimiminika linalokauka juu ya rangi na kuilinda. Kwa macho ya mbali inang'aa. Ukiiwashia tochi kwa pembeni, boneti zima ni utando wa buibui wa mikwaruzo midogo.

Utando huo umetokana na kuoshwa, si barabara. Sabuni ya unga isiyoyeyuka vizuri, dekio moja linalopita kwenye rimu kisha kwenye mlango, fulana kuukuu yenye mshono mgumu: kila kimoja kinachora.

Saa 1:10
Tunaanza na tairi, rimu na madigadi, kwa brashi na ndoo yake ya peke yake. Halafu povu juu ya gari zima, dakika 5, lisikaukie. Pampu ya presha tunaitumia na ncha inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 40, umbali wa sentimita 40 hivi. Ukisogea karibu zaidi unabandua rangi mahali palipopigwa kokoto.

Ndoo mbili: moja ina lita 10 za maji na mililita 30 za shampuu ya gari, nyingine maji matupu ya kusuuzia glavu ya maikrofaiba. Mkono unatoka paa kwenda chini, kwa mstari ulionyooka. Sehemu za chini ya vitasa ndizo za mwisho, kwa sababu mchanga mwingi uko huko.

Bodi la nyuma ndilo linalokula muda. Chembe za mbolea hujibana kwenye kona na chini ya bawaba za mlango wa nyuma, zinavuta unyevu na kugeuka maji ya chumvi. Palipo na mkwaruzo, kutu inaanzia hapo. Matundu ya kutolea maji pembeni huwa yamezibwa na udongo na majani ya migomba, kwa hiyo tunazibua kwa kijiti cha mbao, si bisibisi. Kingo za bodi nazo zimefifia kama zimepigwa msasa. Hiyo ni kazi ya turubai lililofungwa kwa kulegea: upepo unalipiga, vumbi liko chini yake, na safari ya saa mbili inatosha.

Saa 2:40
Sasa gari ni safi kwa macho tu. Madoa meusi nyuma ya tairi ni lami. Tunapaka dawa ya lami, tunasubiri dakika 2 au 3, tunafuta kwa taulo tusilolionea huruma. Petroli inatoa lami pia, ila inachakaza plastiki nyeusi na mipira ya milango.

Kisha dawa ya chuma. Breki za magari yanayoshuka Mlima Nyoka humwaga chembe za chuma zenye moto, zikajichoma kwenye rangi. Dawa ikizigusa inageuka zambarau na kutiririka. Inanuka kama mayai yaliyooza, milango ya karakana iwe wazi. Suuza kabla haijakauka.

Baada ya hapo tunapapasa. Vidole vitupu havisikii vizuri, lakini ukivaa plastiki laini mkononi unasikia kila chembe. Zamani tulitumia mfuko wa sokoni; tangu katazo la Juni 2019 tunatumia glavu nyembamba za plastiki. Panapokwaruza tunapitisha klei, udongo laini unaonasa chembe, kipande cha gramu 50, juu ya maji yenye shampuu kidogo, bila kukandamiza. Ikichafuka unaikunja upate upande safi. Ikidondoka chini ni ya kutupa, na hapa vijana wengi hujidanganya kwamba kuisuuza kunatosha.

Saa 4:15
Gari ni kavu, sasa tunapima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu, kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150, na klia, ile ya juu isiyo na rangi, ni kama 40 tu kati ya hizo. Maikroni 1,000 ndizo milimita moja. Klia hairudi. Kila kompaundi, yaani polishi ya kukwangua, inayopigwa inatoa kidogo, na ikiisha, jua la huku juu, mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, linamalizia: rangi inapauka, kisha inabanduka kama ngozi.

Boneti limesoma 112. Paa 118. Fenda ya kushoto 340, maana yake ilipakwa upya na huenda kuna puti chini. Mlango wa nyuma, pembeni ya kitasa, 84. Hapo mashine ya polishi haitaingia. Tutapitisha polishi laini kwa mkono, na mkwaruzo mmoja mrefu utabaki. Tunamwambia mwenye gari sasa hivi, kabla ya kuanza.

Tepu ya karatasi inafunika kingo, mipira na ile mistari iliyochongoka ya bodi, kwa kuwa kwenye ncha rangi huwa nyembamba kuliko popote.

Saa 5
Tunajaribu kwanza sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti, kwa polishi laini na pedi laini. Ikitosha, hakuna sababu ya kwenda kwenye kompaundi kali. Leo imeondoa karibu robo tatu ya utando, na tunaishia hapo.

Mashine ni ile ambayo pedi inazunguka huku ikiyumba. Ile ya kuzunguka tu ina kasi, lakini mikononi mwa mwenye haraka inaacha mawimbi yanayoonekana jua likilalia. Matone 4 ya polishi, sambaza kwa kasi ndogo, panda hadi namba 4 au 5 kati ya 6, mara 4 kwa mistari ya kulala na ya kusimama. Uzito wa mashine wenyewe unatosha. Pedi inapigwa brashi kila baada ya eneo moja, maana klia iliyotoka imejaa humo na inageuka mchanga. Bampa la plastiki halipozi joto kama bati, kwa hiyo tunashusha kasi na kugusagusa kwa mgongo wa mkono.

Saa 7 ni ugali. Saa 7:30 tumerudi.

Saa 9:20
Tunafuta gari zima kwa maji yenye alikoholi asilimia 15. Mafuta ya polishi huziba mikwaruzo na kudanganya macho. Yakibaki, seramiki nayo haishiki.

Chupa ya mililita 30 inatosha koti moja la nje. Matone 6 hadi 8 kwenye kitambaa, eneo la sentimita 60, kulala kisha kusimama. Unangoja ile rangi ya upinde wa mvua itokee, ndipo unafuta kwa taulo moja, na la pili linahakikisha. Kwenye joto ni chini ya dakika moja. Leo, nyuzi 16 ndani ya karakana, ni dakika 3. Ukifuta mapema unaiondoa yote. Ukichelewa inaacha doa jeusi lisilotoka bila kurudisha mashine. Milango imefungwa, sakafu imelowanishwa kuzuia vumbi.

Seramiki haizuii kokoto. Ncha ya boneti na nyuma ya tairi zinahitaji filamu ya plastiki, unene wa maikroni 200 hivi, na huwekwa kabla ya seramiki. Mwenye gari hii hakuitaka.

Saa 12 jioni
Amekuja na anataka kuondoka nayo, kesho alfajiri kuna mzigo Tukuyu. Seramiki inahitaji saa 12 bila maji, na siku 7 bila sabuni, na usiku wa leo umande utashuka. Tumemwonyesha mkwaruzo tuliouacha kwenye mlango na namba ya 84 tuliyoiandika kwenye tepu. Turubai atafunga kwa mpira, si kamba. Funguo zimebaki kwenye msumari mpaka saa 1 asubuhi.