Mbigili na Zabibu za Hombolo

Sisi watu wa Mombasa tukihamia Dodoma, baridi ya asubuhi ndiyo hutupokea. Mwezi wa nane, alfajiri, watoto waliokulia pwani huvaa sweta na bado wakatetemeka. Ikifika saa nne jua limewaka, upepo wa mashariki umeamka na vumbi liko kila mahali. Nafasi ya kuendesha baiskeli na watoto ni hapo katikati, na Jumamosi ile ya kwenda Hombolo tuliipanga safari nzima kwa kuifuata nafasi hiyo.

Hombolo iko kama kilomita 40 kutoka mjini, kaskazini mashariki. Kuna bwawa lililojengwa 1957, na kuna mashamba ya mizabibu ambayo msimu huo huwa yanavunwa. Kilomita 40 si mwendo wa mtoto wa miaka saba, wala barabara ya Dar es Salaam yenye malori si mahali pake. Tukakodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ibebe baiskeli. Baba watoto akakaa mbele na dereva, mimi na watoto tukapanda daladala. Dereva alinisihi, "Dada, wakae tu huko nyuma na baiskeli zao, watafurahi." Tulikataa. Bodi ya kirikuu ni ya mizigo, na barabara ya mashimo haimjui mtoto. Baiskeli zenyewe zililazwa upande usio na cheni na kufungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, kwa kuwa kamba ya manila hulegea gari likitikisika, lakini mpira hujivuta wenyewe.

Mdogo, wa miaka mitatu, alikuwa na kiti juu ya keria ya baba yake. Kilichomelewa na fundi wa mageti kwa mabomba membamba, kikakazwa kwa boliti nne, kikawa na egemeo linalofika juu ya mabega na mkanda wa begi unaopita mabegani na katikati ya miguu. Lakini kiti si kitu kama miguu haina kinga. Mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoku, gurudumu haliusamehe. Tulikata ubavu wa ndoo ya plastiki, tukaufunga kwa waya pande zote mbili ufunike nusu ya juu ya gurudumu. Kisha spring za siti tukazizungushia tyubu: mtoto aliyekaa nyuma hushika hapo hapo, na baba akikalia, vidole vinabanwa.

Kutoka kijijini Hombolo tulianza kwa kuukabili upepo ungali mpole, ili wakati wa kurudi utusukume. Njia ya shambani ilikuwa ngumu na laini kwa zamu, na binti yetu alikuwa mbele. Akasimama: "Baba, tairi langu limekaa chini!"

Mbigili. Anayetaka kuendesha baiskeli Dodoma amjue mdudu huyu asiye mdudu. Ni mmea unaotambaa, maua madogo ya njano, na tunda lake likikauka hupasuka vipande, kwa kawaida vitano, kila kimoja na miiba miwili mikali. Kiangukavyo, mwiba mmoja hutazama juu. Mvua ikishaisha mmea hufa, lakini miiba hubaki mchangani miezi na miezi. Tairi za wakubwa tulikuwa tumezivisha ndani tyubu kuukuu iliyopasuliwa kwa urefu, na zilifika salama. Ya binti ni ya inchi 20, nyembamba, na tyubu kuukuu ya saizi hiyo mafundi hawakuwa nayo.

Baba watoto aliligeuza gurudumu polepole. Miiba ilikuwa mitatu. Miwili haikuwa ikivujisha, akaiacha kwanza, maana mwiba ulioingia mara nyingi huziba tundu lake wenyewe. Ukiuchomoa njiani bila kuwa na kiraka mkononi umejiletea pancha. Akalitoa tairi kwa mishikio ya vijiko viwili. Bisibisi huitoboa tyubu upya. Maji ya kunywa hatukutaka kuyamwagia kazi hiyo, kwa hiyo aliijaza tyubu upepo na kuipitisha karibu na shavu la binti, yeye ndiye aliyeisikia hewa. Msasa, solusheni kidogo sana, kisha kungoja. Hapo kwenye kungoja ndipo wengi huharibu: wanabandika gundi ikiwa mbichi, kiraka kinateleza. Ngoja mpaka ukigusa pembeni isinate. Ndani ya tairi alipitisha kitambaa, si kidole, na kitambaa kikanasa ncha ya mwiba iliyokuwa imebaki. Hiyo ncha ingetoboa tena kabla hatujafika mbali.

Shambani tulimkuta mzee akivuna na wajukuu wake. "Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo. Watoto wakasema, "Shikamoo babu." Akafurahi, akatukatia vichala viwili kwa mkasi. Nilimuuliza kama shamba limepuliziwa dawa karibuni, akasema yamepita majuma, nikaziosha hata hivyo. Za mdogo nilizikata kwa urefu, vipande vinne, nikatoa mbegu. Zabibu nzima ni saizi ya koo la mtoto, na inateleza. Babu aliniangalia nikifanya hivyo kimya kimya, kisha akamwambia mjukuu wake aniletee kisu kikali zaidi.

Bwawani watoto walitazama wavuvi wa perege kutoka ukingoni. Kuingia majini niliwakataza kabisa. Maji ya bwawa yenye konokono mimi huyahesabu kuwa na kichocho, na mtoto hahitaji kuogelea ili akipate, kukanyaga tu kunatosha.

Wakati wa kurudi upepo ulitubeba, na hilo ndilo lililomlaza mdogo. Kichwa kilianza kuyumba. Mtoto akilala kwenye kiti cha baiskeli shingo haina mwenyewe, kila shimo linamtikisa, na egemeo halimsaidii kichwa kikiangukia mbele. Tukasimama chini ya mbuyu, nikamlaza kwenye kanga, tukampigia dereva simu atufuate hapo badala ya kijijini. Tulikuwa na lita sita za maji tangu asubuhi na zilikuwa zimebaki mbili. Hewa kavu ya huku humnyonya mtu bila jasho kuonekana, na binti alikunywa kikombe kimoja kila tulipopumzika, awe na kiu asiwe nayo.

Kirikuu ilipofika, baiskeli ya binti ilipakiwa mwisho, juu ya zote. Hakutaka kiraka chake kilaliwe.