Nilivyoacha kuuza bila risiti, maombi yakarudi

Ushauri niliopewa nilipopoa kiroho unaniudhi mpaka leo. Nilimweleza mtumishi mmoja kwamba nasali lakini moyo haupo, naimba kwaya huku nawaza mzigo wa nondo. Akaniambia nifunge na nipande mbegu kubwa zaidi, yaani sadaka. Mwingine akasema kila Mkristo hupita jangwani, nitulie tu. Dada mmoja wa kikundi cha maombi akanishika mkono: "Mama, Mungu anauona moyo wako." Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama lipo jambo ambalo Mungu amenitaka nilifanye na sijalifanya.

Lilikuwepo, na nililijua. Nina hadwea Mwanjelwa, Mbeya: simenti, bati, misumari, rangi, nondo. Ukiingia maduka mengi ya aina hii utaulizwa, "Na risiti au bila risiti?" na kila jibu lina bei yake. Mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zimeanza kutumika nchini tangu mwaka 2010, lakini ya kwangu niliigusa akija mteja wa ofisini au tukisikia watu wa TRA, mamlaka ya mapato, wako mtaa wa jirani. Siku nyingine zote, ile asilimia 18 ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tuligawana mimi na mteja: yeye akapunguziwa bei, mimi nikabaki na kilichosalia.

Na huku mimi ni mzee wa kanisa. Sisi Wamoravian tuna desturi ya neno la kila siku, iliyochapwa kwa mara ya kwanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1731, na nyumbani kwangu halijawahi kupita bila kusomwa mezani. Watoto wanasoma, nyumba imeisha, jengo la kanisa nimelichangia mabati. Kubweteka kwa namna hiyo hakuna anayekukemea, maana kunafanana sana na baraka.

Nilifunga kama nilivyoshauriwa. Sadaka niliongeza. Ubaridi ukabaki palepale. Kilichonivunja ni 1 Samweli 15, sura niliyoisikia tangu Shule ya Jumapili. Sauli ameagizwa asibakize kitu cha Waamaleki. Yeye akabakiza kondoo na ng'ombe wanono, na Samweli alipouliza mbona anasikia kondoo wakilia, akajibu kwamba wamehifadhiwa kwa ajili ya dhabihu. Samweli akamwambia: "Tazama, kutii ni bora kuliko dhabihu." Nikayafikiria yale mabati ya kanisani. Fedha yake ilitoka kwenye asilimia 18 hiyohiyo.

Jumatatu iliyofuata nikapandisha bei zote, nikamwambia kijana wangu wa dukani kwamba bidhaa haitoki kaunta bila risiti. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nia njema bila hesabu inaweza kufunga duka. Mafundi ndio wanaotuletea wateja, na fundi anaangalia bei na cha juu chake. Wa kwanza akaangalia kibao cha bei, akasema, "Mama, mteja wangu atanikimbia." Akavuka barabara. Wa pili akavuka. Nilikaa nikiwahesabia mifuko ya simenti ikipakiwa kwenye guta la duka la ng'ambo, mafundi niliowakopesha misumari miaka yote. Kijana wangu akanong'ona, "Mama, tutafunga." Nikaingia stoo, nikamlalamikia Mungu kwa hasira: nimekutii, mbona unaniaibisha? Lakini niseme kweli, hayo ndiyo yalikuwa maombi yangu ya kwanza yenye uhai baada ya muda mrefu. Nilikuwa naongea na Mtu.

Binti anayenisaidia mahesabu ndiye aliyenifungua macho. Nilikuwa nauza kwa risiti mzigo nilioununua bila risiti. Mfano wake huu: ukinunua kitu cha 100,000 kwa risiti halali, unalipa 118,000, na ile 18,000 unaidai. Ukikiuza 120,000 kabla ya kodi, mteja analipa 141,600. Kodi uliyokusanya ni 21,600. Unatoa 18,000 uliyokwisha lipa, unapeleka 3,600. Usipokuwa na risiti ya manunuzi, unapeleka 21,600 yote. Kumbe utii ulitakiwa uanzie nilikonunua.

Basi nikapanda basi kwenda Dar es Salaam. Kariakoo nilizunguka mpaka miguu ikavimba. Tajiri wangu wa jumla wa miaka mingi akaniambia risiti atatoa, ila ya nusu ya bei, "tusaidiane, mama." Nikakataa. Akadhani natafuta punguzo, akashusha bei. Nikakataa tena. Akaniuliza kama nimehamia serikalini. Nikamwambia nimeokoka upya, na ninataka risiti ya fedha yote ninayotoa. Alicheka, kisha akanyamaza, akasema mzigo wa namna hiyo hana. Nilipata duka la tatu au la nne, ghali kidogo, lakini risiti ilitoka kamili bila kubembelezana. Nauli, malazi na usafirishaji vilikula kama laki tatu na ushee. Sikujuta.

Wateja nao ilibidi niwatafute upya. Anayejenga kibanda cha uani nimempoteza, na sitamdanganya mtu kwamba alirudi. Waliokuja ni wanaotakiwa kurudisha hesabu: shule, wakandarasi, kamati za ujenzi za makanisa na misikiti. Hao wanatafuta risiti kama dawa, na wengi wanahangaika kuipata. Nikawapelekea bei kwa maandishi, na usafiri wa guta ndani ya mji nikaubeba mwenyewe. Faida imepungua. Mume wangu alinuna mwanzoni, halafu akaona nalala usiku.

Habari ya miaka ya nyuma ilinisumbua kuliko yote, kwa sababu ya Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha alichodhulumu. Ndugu waliniambia nisiamshe yaliyolala. Nilikwenda ofisi ya kodi na madaftari yangu, tumbo likiuma, tukakubaliana nilipe kwa awamu. Ukiamua kufanya hivyo nenda na mtu wa mahesabu, usiende peke yako, na usikubali njia ya mkato utakayopendekezewa na yeyote mlangoni.

Kwaya sasa naimba nikilia, na si kwa huzuni. Ila neno halikukoma kwenye kodi. Juzi tulisoma Yakobo 5, pale ujira wa vibarua unapopiga kelele, nami nina vijana wawili wasio na mkataba wala NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Nimeshachukua fomu. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na nimewaambia nusu yake italipwa na duka kuanzia mwezi huu.